Maji ya Ubani

Khalifa alikuwa mtu wa kelele, lakini asubuhi hiyo alinyamaza. Bibiana, mpimaji wa maji, alikuwa amechuchumaa nyuma ya sheli ya Khalifa pale Nguvumali, akivuta kamba kutoka kwenye bomba jembamba lililozamishwa ardhini kando ya ukuta. Bomba lenyewe si la kunywesha mtu. Kazi yake ni kuchungulia maji ya chini, kujua kama matangi ya mafuta yaliyofukiwa yanavuja. Kichoteo kilipotoka, juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi, na harufu ya petroli ikampiga Khalifa puani.

"Tangi linavuja, bosi," alisema Bibiana. "Acheni kuuza mafuta yake leo hii, yatolewe yote. Na nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Kuna kisima. Tena si kisima hivi hivi. Marehemu baba yake Khalifa, Mzee Hisham, alikichimba kiwe sadaka jaria, kila anayekunywa thawabu zimfikie kaburini. Mahututi kitandani, habari za sheli hakuziuliza hata kidogo. Aliuliza kisima. "Usije ukakifunga," alimwambia mwanawe, na Khalifa akaitikia. Sasa kikipimwa kikakutwa na petroli, atakifunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Kile kizima," akasema. "Jana tu nimekunywa maji yake kwa Bi Sabiha, jirani wa kisima. Maji matamu, baridi, yananukia ubani."

"Yananukia nini?"

Khalifa akacheka. Nyie wa bara hamjui mambo, akaanza. Hapa Tanga mwanamke anayejiweza hamimini maji mtungini bila kuufukiza: anauinamisha juu ya chetezo, unashiba moshi wa ubani, ndipo anatia maji. Alieleza kwa mbwembwe, mikono ikienda huku na huku. Halafu mikono ikasimama. Ndani ya moshi ule kingeweza kujificha chochote.

Walizunguka ukuta. Bi Sabiha alikuwa kibarazani, ndoo aliyotoka kuteka iko miguuni.

"Shikamoo, Bi Sabiha."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ngoja niwape ya mtungini."

"Nipe ya ndoo."

Bi kizee akasita, mwisho akachota. Kikombe hakikufika mdomoni. Khalifa alinusa petroli, akakirudisha chini.

"Ulikuwa unajua?"

"Pua ninayo," alijibu Bi Sabiha polepole. "Toka mwezi wa Rajabu. Nikadhani ndoo, nikabadilisha ndoo. Kisha nikazidisha ubani."

"Ramadhani nzima watu wamefuturia maji haya. Wajukuu zako wanayanywa. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambieje? Nije mlangoni kwako niseme sadaka ya baba yako inanuka? Hisham alitutoa kwenye dhiki ya maji, Khalifa. Nilimsitiri."

Khalifa alipandwa na hasira. Sitara gani hiyo ya kuwanywesha watoto petroli? Alifungua mdomo amfokee, akakumbuka maneno yake mwenyewe ya jana, kikombe mkononi: Bi Sabiha, ubani wako siku hizi mkali kweli. Alikuwa anamsifu. Mtu mwenye sheli, aliyekulia kwenye harufu ya mafuta, alikunywa na akaomba kikombe cha pili. Hasira ikamgeukia yeye mwenyewe.

Bibiana alichukua maji ya kupeleka maabara, akasema mpaka majibu yatoke mtu asiyaguse. Alasiri wanawake walipokuja na ndoo zao, walimkuta Khalifa akitia kufuli kwenye kifuniko cha kisima.

"Kinasafishwa," Bi Sabiha akamtangulia kuwaambia. "Siku mbili tatu hivi."

"Hakisafishwi," alisema Khalifa. Moyoni alimwona baba yake pale kitandani, lakini akaendelea kusema. "Kina petroli, na imetoka kwangu. Nendeni mkamwage mlichonacho, na mitungini pia. Nitaleta maji mengine. Kila aliyekunywa haya aende hospitali, watoto kwanza."

Waliokuwa mbali hawakusikia, wakauliza kuna nini. Basi Khalifa akarudia, safari hii kwa ile sauti yake ya kelele, mtaa mzima ukasikia.