Makofi ya Kankoma

Mama Adolphine alikuwa na jambo moja tu la kusema, na alilipanga kichwani wiki nzima huku akigeuza ndagala zake, dagaa wa ziwa, mchangani: shimo lisichimbwe Kankoma. Basi. Wengine waseme ya barabara, ya kazi za vijana, ya mabati ya shule. Yeye kisima chake.

Mwaka ule wa tisini na moja, serikali ya Zaïre ilituma delege, mjumbe wake, kutoka Kinshasa aje kuwasomea watu wa Kalemie sheria mpya ya kutafuta mafuta ya petroli, na kusikiliza maoni yao. Kampuni ingetoboa ardhi mpaka chini kabisa, isukume maji yenye dawa, mwamba upasuke, mafuta yatoke. Na yale maji machafu yakirudi juu? Kifungu cha tisa kilijibu: yatamwagwa katika shimo kubwa, kule Kankoma. Aliyechagua mahali pale hakuwahi kuteka huko hata ndoo moja, hilo halina ubishi.

Kankoma ni kisima cha mlimani, nyuma ya mtaa wao. Mwaka wa kolera, yaani kipindupindu, waliokunywa maji ya ziwa walizika watu. Mama Adolphine alimzika Viviane, binti yake wa miaka minne. Tangu siku ile alipanda mlima kila asubuhi na ndoo kichwani, na hakuzika tena mtoto.

Siku ya maoni, ukumbi wa zoni, yaani wilaya, ulijaa. Sekretere, mwandishi wa kikao, alikuwa Pontien, kijana wa mtaa huohuo, aliyekuzwa kwa maji ya Kankoma kabla hajajua karatasi ni nini. Wakubwa walikuwa wameagiza wamama walete maji ya kunywa ya mgeni, na wamama wakaleta jagi la Kankoma, kwa kuwa hakuna maji mengine ya kumpa mgeni bila aibu. Delege alimaliza glasi tatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue, na bado akahudumiwa vizuri.

Zamu yake ilipofika, Mama Adolphine alisimama.

"Papa Delege, miye sikusoma sana. Ile mayi unakunywa njo ya Kankoma. Mutoto wangu alikufa juu ya mayi ya ziwa. Mukiweka shimo pale, tutakunywa nini? Mulipeleke mbali. Njo ile tu."

Pontien akayatia maneno katika Kifaransa. Mama Adolphine naye akafanya alivyolelewa. Kwa watu wake, ukimaliza kusema mbele ya mkubwa, unakunja viganja kidogo na kupiga makofi ya polepole: nakuheshimu, nimemaliza. Akapiga. Wamama wote nyuma yake wakapiga. Delege akatabasamu, akapiga na yeye, tena kwa nguvu, na Pontien akainama kuandika.

Kesho yake Mama Adolphine alikwenda biro, ofisi ya zoni, kuuliza kilichoandikwa. Pontien akamsomea: "Sheria yote imekubaliwa na wakaaji kwa makofi."

"Makofi gani?"

"Ya jana, Mama."

"Pontien! Weye ni mutoto wa hapa. Ile ilikuwa heshima. Tangu lini heshima ni kukubali?"

Pontien alijikuna shingo. Delege ndiye aliyemwambia cha kuandika, alisema, na katika nchi hii mambo hupitishwa kwa makofi tangu zamani. Lakini asikate tamaa. Jumamosi ripoti ingesomwa mbele ya watu kabla ya kutiwa sahihi.

"Kama wamama hawapendi, wasipige tu."

Mama Adolphine alitoka pale na hasira. Alipita nyumba kwa nyumba na neno moja: Jumamosi, mukono usiguse mukono. Mama Florentine, mkubwa wao kwa umri, alishtuka. Kumwacha mkubwa bila makofi? Hata sultani, chifu wao wa zamani, aliyepokonya watu mashamba hakuwahi kufanyiwa hivyo. Ni zaidi ya tusi. Ni kumwambia kwamba hapa hakuna anayemtambua.

"Njo vile," alisema Mama Adolphine. "Ajue."

Jumamosi alijaribu kwanza kusimama aseme. Akaambiwa maoni yalifungwa siku ile ya kwanza, leo ni kusoma tu. Akakaa. Delege akasoma mpaka mwisho, akafunga faili, akangoja. Wamama wote mikono kwapani. Halikusikika hata kofi moja. Wazee waliokaa mbele waliinamisha vichwa, kwani jambo kama lile hawakuwahi kuliona. Mama Adolphine alifurahi. Aliona leo hata kiziwi amesikia.

Delege alitazama saa yake, akamnong'oneza Pontien. Pontien akakawia kidogo, kisha akaandika.

Watu walipoanza kutoka, Mama Adolphine alisogea mezani.

"Umeandika nini?"

"Mama..."

"Soma."

Pontien akasoma kwa sauti ya chini: "Hakuna aliyepinga."

"Na weye unajua tulisema nini."

"Najua, Mama."

Afadhali angesema hajui. Uongo ule angeweza kugombana nao. Mama Adolphine akashika jagi la Kankoma lililoletwa tena mezani. Akajaza glasi ya Pontien mpaka juu, akaisukuma karibu na ripoti.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa wakati ingali mayi."

Pontien hakuigusa. Delege, ambaye hakuelewa hata neno moja, alinyoosha glasi yake aongezewe.