Miwani Inayokaimu na Kofia ya Masalu

Usiku wa kuamkia jana Sajini Nyanjige aliota, na ndoto yenyewe, isiyo na huruma hata chembe, ikampeleka kazini.

Bohari ya jeshi ni ile ile anayoisimamia mchana kutwa. Masanduku ya kofia za chuma yamepangwa hadi darini, yakimsubiri Kapteni. Asipoziona kwa macho yake, haitoki hata moja; ndiyo sheria. Na Kapteni yuko kozini, wakati Masalu, mdogo wake Nyanjige, kitinda mimba wa mama yao, yuko mpakani kwenye risasi, kichwani ana kofia ya kitambaa tu. Tangu aende, dada mtu chakula hakimshuki.

Kwenye kiti cha Kapteni imekaa miwani yake.

"Shikamoo, afande," anasema Nyanjige, maana kiti ni kiti.

"Marahaba. Una shida gani?"

"Kofia, afande. Naomba uzione, zitoke."

"Ningeziona," inajibu miwani, "ila macho yamekwenda kozini. Mimi nakaimu tu."

"Yanarudi lini?"

"Yakifaulu."

Makubwa haya! Kofia moja inachungulia kutoka sandukuni. "Dada, tufanyie mpango, tuna hamu ya vichwa. Tumesubiri mpaka tumeanza kuoana." Inamwonyesha kikofia kidogo kama bakuli, kimelala fofofo.

"Hongereni sana," anasema Nyanjige, na anatoka kwenda getini kuomba ruhusa.

Getini linalinda kufuli, limevaa sare na limenyoosha mgongo.

"Napekua kinachobebwa," linasema. "Kinachovaliwa hakinihusu. Nikianza kupekua nguo za watu nitaonekana sina adabu."

Nyanjige hasubiri kuambiwa mara mbili. Anarudi ndani, anazivaa kofia zote, moja juu ya nyingine, mpaka mnara unapita paa. Shingo inalalamika. Anaiambia inyamaze.

"Unakwenda wapi, Sajini?" linauliza kufuli.

"Kutembea."

"Na kofia zote hizo?"

"Jua kali."

Kufuli linatazama juu, linakubali kwamba kweli jua ni kali, linafunguka.

Nje ya geti hakuna barabara ya kambini. Kuna pori, na handaki, na ndani ya handaki Masalu anapuliza chai kwenye kikombe cha bati.

"Dada! Mbona umekonda hivyo?"

"Umenikondesha wewe. Inama."

Kofia nyingine zinaruka zenyewe kwenda kutafuta vichwa, zinagombana njia nzima. Ya Masalu inabaki, anamvika, inamshukia mpaka puani. Masalu anacheka humo ndani. Nyanjige analia, wala hafichi, kwa kuwa anampenda mtoto huyu kupita kiasi na kichwa chake ni kidogo vile vile kama alipokuwa akimbeba mgongoni. Anavua kitambaa chake cha kichwa, anakikunja, anakitandika ndani ya kofia. Sasa imekaa.

"Usiivue hata ukilala," anasema. "Unanisikia wewe?"

"Nakusikia, dada."

Akaamka. Akajishika kichwa, kitupu. Akapekua mashuka, akainama uvunguni, kitambaa hakuna. Akajifunga kingine, akaenda kazini. Masanduku yalikuwa pale pale na utepe wake haujaguswa, na Kapteni bado kozini.

Simu ikaita. Mtandao ulikuwa unakatika katika, lakini sauti ilikuwa ya Masalu.

"Dada, nipo mzima, usishtuke. Alfajiri tulishambuliwa. Risasi imenipiga kichwani, kofia ikabonyea, basi. Wenzangu nao wazima wote."

Nyanjige akakaa sakafuni.

"Ila nisaidie kitu kimoja," Masalu akaendelea. "Hatujaona gari wala ndege ya kuleta kofia. Na ndani ya yangu kuna kitambaa, dada, kinanukia mafuta yako ya nywele. Nikitoe?"

"Thubutu!" akasema Nyanjige, machozi yakimtiririka. "Kiache hapo hapo."