Njaa ya Wakwe Kisiwani

Haya, niteguliėni hiki: chakula kiko mbele ya watu wanne wenye njaa, hakuna anayefunga, hakuna aliyenuna, na bado hakuna anayekigusa. Msijisumbue, mji nimejipa mwenyewe. Ni chakula cha wakwe, na siku moja nusura kimuue Sibomana.

Sibomana alikuwa fundi cherehani wa Gitega, mtaa wa Kigali, mtu wa adabu za zamani, mmoja wa wale ambao hawatafuni hata karanga mbele ya wakwe. Alikuwa pia na ugonjwa wa sukari, na hiyo ilikuwa siri yake na mkewe, Mukasine. Binti yao Ingabire alikuwa amechumbiwa na kijana wa Biryogo.

"Wakijua, watasema tunawapa damu mbovu," Sibomana alimwambia mkewe. "Usifungue mdomo."

Mukasine akaahidi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita, na mchumba alitaka wazee wazoeane kabla mambo hayajaharibika zaidi. Akawalipia matembezi ya siku moja: gari mpaka ziwa Muhazi, boti, kisiwa, na kijana wa kuwaongoza, jina lake Silvère.

Asubuhi Mukasine alimpiga mumewe sindano ya sukari kama kawaida, viazi vikikaribia kuiva. Mara hodi. Wakwe hao, Mama Mwamini na mumewe Nahimana, wamewahi kuliko walivyosema.

"Kula kwanza," Mukasine alinong'ona.

"Mbele yao?"

"Sindano imeshaingia, Baba Ingabire."

"Silvère ana kreti ya Fanta garini. Soda si kula."

Mukasine akatia ndizi mbivu kikapuni, moyo haukumtulia.

Mbele kidogo ya Kanombe, askari wa kizuizini waliwashusha wote na kila kitu. Walipogeuza kila mfuko ndani nje, wakawaachia. Ziwani ndipo Silvère alipojishika kichwa. Kreti ilibaki barabarani, kwa bahati mbaya yao au kwa bahati nzuri ya askari.

"Maji yapo mengi, wazee," akasema.

Mukasine hakucheka. Silvère aliwaketisha wanaume mbele na wanawake nyuma, boti isilale upande, kwa hiyo Mukasine akabaki kuangalia kisogo cha mumewe. Shingo ilikuwa inang'aa kwa jasho, na upepo wa ziwa ulikuwa baridi.

"Tutegeane basi," Silvère alisema, akipandisha sauti juu ya mashine. "Natembea kutwa, nyuma yangu hakuna unyayo."

Mukasine akashusha pumzi. Kitendawili hicho mumewe alikitega kwa kila mteja aliyekuja kupimwa suruali. Mtumbwi. Sema mtumbwi.

Sibomana alifikiri sana. "Jumanne," akajibu.

Nahimana akacheka, akampiga begani. "Fundi ana utani, huyu."

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, migomba na mafunjo, ukikohoa upande huu, aliye upande ule anakuambia pole. Sibomana akasema anakwenda haja. Mukasine akachomoa ndizi amfuate, lakini Nahimana akainuka mara moja. "Ngoja nikusindikize, mkwe. Kijana anasema humu kuna nyoka." Wakaenda pamoja, wakarudi pamoja, na ndizi ikabaki chini ya kitenge.

Silvère akatandika kitambaa: chapati, samaki wa kukaanga, ndizi.

"Karibuni, wazee wangu."

"Tumeshiba," akasema Nahimana.

"Tumeshiba kabisa," akasema Mama Mwamini.

"Tume..." Sibomana akaanza, akasahau la kumalizia. Mikono ilimtetemeka. Akamtazama Silvère, akamwita kwa jina la kaka yake aliyezikwa zamani, akamuuliza ng'ombe wamelala wapi.

Sasa hakuna aliyecheka.

Akilini Mukasine alimwona Ingabire na gauni lake la harusi ambalo babake alikuwa amelishona nusu. Alimwona pia mumewe hapa mbele yake, akiteleza kulalia ubavu. Akaimenya ndizi.

"Ana sukari," akasema. "Miaka mingi. Leo kapigwa sindano na hajala kitu, kwa sababu yenu. Asipokula atazimia, na huku hakuna daktari. Kula, mume wangu."

Sibomana alikaza meno, akageuza uso. Akili ilikuwa imekwenda, adabu imebaki. "Wakwe," alisema. "Wakwe wananiona."

Mama Mwamini alikuwa ameshasimama.

"Nahimana, geuka."

"Nigeuke wapi?"

"Ziwani. Kwani hujawahi kuona maji? Na wewe kijana, geuka."

Wakakaa watatu wamewapa mgongo. Mukasine alimega ndizi, akamtia mumewe mdomoni kidogo kidogo, akimwambia hawakuoni, hawakuoni, meza. Ya kwanza nusu ilidondoka. Ya pili aliimaliza. Mkono wa Mama Mwamini ukaja kinyumenyume na chapati, bila neno, na Mukasine akaipokea bila kujua kapokea nini pamoja nayo.

"Na binti?" Mama Mwamini aliuliza, macho ziwani.

"Alipimwa. Hana."

Ndege mmoja aliruka kwenye mafunjo. Jasho la Sibomana lilianza kukauka, akamtambua mkewe, kisha akaiona ile migongo mitatu, akainamisha kichwa kwa aibu.

"Mama Ingabire," akasema Mama Mwamini.

"Nakusikia."

"Akimaliza tuambie, mgeuke nyinyi. Huyu wangu hajatia kitu tumboni tangu jana, alikuwa anaogopa tumbo lisije likamwaibisha kwenu."