Chuo Kinamfuata Mama Pindo

Mke wa fundi baiskeli aligonga mlango saa mbili na robo asubuhi, sketi mkononi, sindano kachomeka kwenye kola ya blauzi. Ijumaa alikuwa na usaili chuoni, kozi ya ushonaji, na kila mwombaji alitakiwa kuleta nguo moja aliyoipinda mwenyewe. Pindo la sketi ile lilikuwa limekwenda kombo, huku juu, huku chini, nyuzi zinachungulia. Mama Pindo aliitazama mara moja tu, akageuzia uso ukutani.

"Nimeacha kufundisha, mwanangu."

"Dakika tano tu, Mama."

"Hata moja. Mume wako aliniapisha."

"Mume wangu kaenda kununua matairi."

Hakuwa na roho mbaya yule mama. Alikuwa analinda chumba. Kilikuwa cha kupanga, futi kumi kwa kumi, nyuma ya karakana ya baiskeli, na mji mzima hapakuwa na mwenye nyumba mwingine aliyekubali kumpa mlango. Akifundisha tu, chuo kinakuja.

Mtaani walilijua hilo kama walivyojua siku ya kuzoa taka. Miaka arobaini nyuma, Mama Pindo alikaa barazani kwake na cherehani moja ya mkono na wanawake sita, akawafundisha kupinda nguo. Wa sita alikuwa mzito wa mkono. Siku alipopata pindo lililonyooka, kesho yake walikuta chumba kimeota ubavuni mwa nyumba, madirisha mawili na ubao. Hakuna aliyeuliza. Nafasi ilikuwa shida, nafasi imepatikana, wakaingia. Ikawa kila mtu akielewa jambo, ukuta unasogea. Vikaja vyumba vya useremala, vya umeme, vya hesabu, ngazi, ghorofa, vyoo vya wanaume na vya wanawake. Kisha ikaja barua ya usajili, na nyuma ya barua akaja Mkuu wa Chuo, na tai yake, na makabati yanayofungwa kwa ufunguo.

Mkuu alisoma kanuni, akakuta kwamba mwalimu lazima awe na cheti cha chuo kinachotambulika. Mama Pindo hakuwa nacho. Akaomba kusoma palepale, katika darasa lililoota barazani kwake. Wakamkatalia, kwa kuwa sekondari hakumaliza. Aliyeandika barua ya kumkatalia alikuwa yule mwanamke wa sita. Mkono wake sasa ulikuwa umenyooka kabisa.

Akahamia ng'ambo ya barabara, uani kwa shemeji yake muuza mbao. Wasichana wawili wakamfuata na vitambaa vyao. Mwezi haukuisha, chuo kikavuka barabara kwa ukumbi mrefu wenye feni za dari, magari yakawa yanapita chini yake, kikameza ua wa shemeji pamoja na mbao zote. Mlinzi naye akaja na ukumbi, na meza, na daftari la wageni.

"Kitambulisho, Mama."

"Hapa ni kwa shemeji yangu."

"Palikuwa kwa shemeji yako."

Shemeji hajamsemesha tangu siku hiyo, na nani atamlaumu? Kwa dada yake ikawa yaleyale. "Kikulacho ki nguoni mwako," dada alimwambia huku anafunga vyombo vyake, "na hicho ulikishona mwenyewe." Kisha kwa binamu, kisha kwa mwenye duka la dawa aliyejifanya haamini. Watu wakawa wanasema ukimkaribisha Mama Pindo umekaribisha ghorofa.

Mwaka aliolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, chuo hakikuongeza hata tofali. Mkuu mwenyewe alimpelekea machungwa wodini na kadi iliyosema upone haraka, Mama yetu. Asante ya punda ni mateke, lakini hawa walitanguliza machungwa.

Baada ya hapo jambo lenyewe likawa la kiofisi. Idara ya Mipango iliandika upande unaotakiwa, mashariki au kusini, na kila mwanzo wa mwaka gari la chuo lilikuja na barua na kumbeba yeye na godoro lake kumpeleka upande huo. Barua zote zilianza kwa "Tunathamini mchango wako". Alikuwa nazo kumi na saba, amezifunga kwa utepe wa kiunoni. Fidia hakutaka, nyumba hakuomba. Alitaka cheti, basi. Karatasi ngumu yenye muhuri, ya kumwonyesha mlinzi ukuta unapofika, ili akae alipo amalize mshono wake.

Mwezi uliopita chuo kikatimiza miaka arobaini, na barua ya kumi na nane ikasema atapewa cheti. Maskini, aliamini. Alifumua gauni lake la kijani akalipinda upya, akafika saa moja kabla ya viti. Kila mtu alipewa kitabu, *Historia na Ukuaji wa Chuo Chetu*, kurasa sitini. Yeye alikuwa ukurasa wa arobaini na moja, chini ya "wadau wengine", baina ya mpiga chapa na kampuni ya maji. Mgeni rasmi akaweka jiwe la msingi. Aliliweka usawa wa kifua, kwenye ukuta uliosimama miaka thelathini, na watu wakapiga makofi. Nyuma ya ukuta huo ndiyo ile baraza. Siku hizi ni stoo ya mifagio.

Kisha akaitwa mbele. Husoma polepole, kwa hiyo makofi yalikwisha kabla hajamaliza.

"Cheti cha Mahudhurio," alisoma. "Nilihudhuria nini?"

"Sherehe hii, Mama," Mkuu alisema, kamshika bega ili mpiga picha amalize kazi yake.

Alilia njia nzima, mchana kweupe, wala hakujifuta. Siku hiyo ndipo alipoapa kwamba hatamfundisha mtu tena, na kwa kiapo hicho fundi baiskeli akampa chumba. Wiki tatu sasa chuo kilikuwa kimesimama palepale. Mkuu alishakuja mara mbili na machungwa.

Sasa mke wa fundi baiskeli aliketi sakafuni bila kukaribishwa, akaanza kufumua pindo lake.

"Wanachukua mwisho miaka thelathini na tano," alisema. "Jumapili natimiza. Nisipoingia safari hii, ndiyo basi tena."

Akavuta uzi kwa nguvu.

"Usivute hivyo, utachana kitambaa!"

Yalikuwa maneno manne tu, na tofali moja jipya likatokeza juu ya kitanda. Wote wawili waliliona. Tofali moja lingefichika nyuma ya kanzu ya kulalia, kama angenyamaza hapo. Lakini kombo la pindo lile lilikuwa linamuuma Mama Pindo kwenye meno.

"Ah, lete hapa!" alisema.

Akamwonyesha. Unakunja mara ya kwanza, unakaza mkunjo kwa ukucha. Unakunja tena. Sindano inashika uzi mmoja tu wa upande wa nje, mmoja, si miwili.

"Pindo zuri halionekani," alisema. "Linashika nguo nzima, na mtu hajui lipo."

Mke wa fundi baiskeli alipofunga fundo la mwisho, sketi ilikuwa imenyooka, na karakana ya mumewe ilikuwa Ofisi ya Udahili. Baiskeli bado zilining'inia darini, zimeshapigwa namba za mali ya chuo. Akasimama akaingia kwenye foleni. Alikuwa wa kwanza.

Mlinzi alikuwa ameketi mlangoni pa kile chumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Kitambulisho."

Mama Pindo akatoa cheti chini ya godoro. Mlinzi alikisoma chote kwa heshima, akakigeuza nyuma, akamrudishia.

"Hiki kinasema ulihudhuria, Mama. Hakisemi upo."

Mama Pindo alikikunja mara moja, akakaza mkunjo kwa ukucha, akakikunja tena. Akachukua kigoda na mkasi, futi ya kupimia akaivaa shingoni.

"Mwaka huu wanataka upande gani?"

Mlinzi akafungua daftari.

"Magharibi. Kule makaburini. Gari linakuja saa nne."

Mama Pindo akaweka kigoda chake nje ya mlango, akakaa kulisubiri.