Folda ya Kobe

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, skrini ilitoa mstari mmoja: programu haipatikani. Fundi aliandika amri upya, herufi kwa herufi, na mstari ukarudi ule ule. Chumba cha seva cha maabara ya hospitali kilikuwa na mvumo wa feni na viti viwili, kimoja kitupu.

Kwenye foleni ya kazi za kompyuta kulikuwa na vinasaba vya bakteria waliotolewa kwenye damu ya mtoto mchanga. Homa ilikuwa haishuki. Daktari wa wodi alitaka kujua kama dawa anayompa inafua dafu, au aibadilishe kabla ya dozi ya mchana.

Fundi alifuata njia ambayo mfumo uliitumia kuitafuta programu. Iliishia kwenye folda binafsi ya Kobe, mwenye kile kiti kitupu, aliyehamia kazi nyingine. Kobe aliiweka humo kwa majaribio, kazi zote zikaelekezwa huko, na hakuna aliyekumbuka kuihamishia mahali pa wote. Jana fundi mwenyewe alifuta akaunti za walioondoka, pamoja na folda zao. Nakala za akiba hazikuhusu folda za watu.

Akasakinisha toleo jipya la programu hiyo ya kutambua usugu. Likaenda mpaka mwisho bila kugoma, likasema bakteria hana usugu dhidi ya dawa yoyote. Fundi hakuridhika. Aliliingizia sampuli ya zamani, ambayo usugu wake ulijulikana, nalo likasema hakuna usugu. Toleo jipya halikuweza kusoma hifadhidata ya usugu ya maabara, na badala ya kulalamika lilinyamaza kama maji mtungini.

Akampigia Kobe simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Leo umenikumbuka? Nilidhani mmeshanifuta."

"Nimekufuta. Ndiyo maana napiga."

Kobe alicheka, kisha akaacha. Nyuma yake sahani ziligongana na mtoto akaita baba.

"Folda yote?"

"Yote. Ulikuwa unatumia toleo gani?"

"La pili, kabla waundaji wake hawajabadilisha muundo wa hifadhidata. Lijenge na maktaba zake za msimbo za zamani. Ukilichanganya na mpya litakutoa jasho."

"Sawa."

"Mko wangapi hapo siku hizi?"

"Nipo mimi."

"Pole, dada. Siku moja nita—"

"Unaitwa huko, kaka. Asante."

Maktaba mbili zilikubali. Ya tatu ilikataa kwa sababu ilidai mkusanyaji wa msimbo, yaani programu ya kuijengea, ya zamani kuliko iliyokuwepo. Akaitafuta, akaiweka kando, akaanza tena. Safari hii aliliingizia sampuli ya zamani kwanza. Usugu ukaonekana, wote. Ndipo akaliingizia ya mtoto.

"Dawa mnayompa haimgusi bakteria huyo," alimwambia daktari kwenye simu. "Majibu yameshafika kwenye mfumo wenu, na dawa zinazoweza kumuua zimeonyeshwa."

"Una hakika? Nikibadilisha nimebadilisha."

"Nimeijaribu kwa sampuli tunayoijua. Nina hakika."

"Basi nabadilisha."

Saa sita na dakika ishirini mchana, mfumo wa wodi ulionyesha kuwa dozi ya kwanza ya dawa mpya imetolewa.