Mke Mwenza wa Chuma

Mume wangu alikuwa mfokaji. Simsengenyi, maana mwenyewe alijisifia. Chai ikiwa ya moto alifoka, ikipoa alifoka, na ikiwa sawasawa aliinywa huku akikigombeza kikombe. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu mtoni kwa boti ya injini. Abiria walimwita Nahodha, ingawa mto wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukianza umbea upande huu, unafika ng'ambo hujaumaliza. Mimi ni fundi cherehani, na mdomo ninao pia. Tulielewana.

Kisha likajengwa daraja. Kivuko kikafungwa, boti ikaoza, injini ikauzwa, na Nahodha akarudi nyumbani kunifokea mimi peke yangu kutwa nzima. Nikawa nawalalamikia majirani kwamba mwanamume huyu atanitoa roho. Laiti ningejua.

Kisha mapafu yakaanza kumsumbua. Tulizunguka na vipimo mpaka daktari mmoja akatuambia, kwa sauti ya chini sana, tumrudishe nyumbani akapumzike. Nahodha alielewa, nami nilielewa. Tulipofika alipanda kitandani, akageukia ukutani, akanyamaza. Sio kwamba hakuweza kusema. Hakuona tena sababu.

Nilimpa chai ya moto, akanywa. Nikampa iliyopoa, akanywa. Siku moja nikasahau sukari kabisa, akainywa yote na kunirudishia kikombe bila neno. Nilikwenda jikoni nikalia mpaka kichwa kikauma. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha nyumbani kwangu hakikuwa na mshindo wowote, na kilikuwa kinaniua kabla yake.

Wifi yangu, dada yake, alikuja kunisaidia kuuguza. Yeye ni mtu wa taratibu.

"Mwache apumzike, wifi," aliniambia. "Mgonjwa hasumbuliwi."

"Huyu akinyamaza ndiyo anakufa," nikamjibu. "Mimi nataka asikie karaha aseme."

Nilikuwa sitaki muujiza. Nilitaka kusikia sauti yake ikinisema, basi.

Ile injini niliiona kwa muuza vyuma chakavu, nilikokwenda kutafuta kanyagio la cherehani. Ilikuwa imelazwa kati ya majiko mabovu na fremu za baiskeli, rangi yake ya kijani imebambuka, propela imepinda pembe moja. Nisingeijua kama si mpini wake. Ulikuwa umezungushiwa kitambaa kigumu cha suruali, na mshono ule ni wa mkono wangu. Mtu hasahau mshono wake. Zamani Nahodha akiiita injini hii mke mkubwa, na mimi mdogo, na kusema kweli iliwahi kunitia wivu.

"Mama, hiyo ni mali ya kale," muuzaji akaanza. "Haitengenezwi tena popote."

"Ndiyo maana ina kutu ya kale. Inawaka?"

"Ukiivuta kamba."

"Wewe umeivuta?"

"Mimi nauza kwa kilo, mama. Sivuti."

Tukaipima kwenye mizani kama gunia la viazi, nikalipa, nikaitia kwenye mkokoteni. Njia nzima watu walinitazama. Ndiyo hivyo, mwanamke na akili zake anamrudisha mke mwenza nyumbani.

Niliifunga kwenye kitako cha mbao uani, chini kabisa ya dirisha la mgonjwa. Wifi alishika kiuno.

"Umeleta mzoga wa chuma kwenye nyumba ya mgonjwa?"

Plagi ilikuwa imeganda kwa kutu, spana inateleza, nami hasira zimenipanda. Nikachukua nyundo.

"Nyundo ya nini?"

Sauti ilitoka dirishani, kavu, ya kukwaruza.

"Unapigilia msumari au unafungua plagi? Tia mafuta ya taa, usubiri iloweke. Mwanamke huyu! Utaipasua kichwa!"

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Wifi alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akatutazama kwa zamu, akarudi jikoni. Nahodha alikuwa amejivuta hadi kwenye kizingiti cha dirisha, na macho yake yalikuwa yameigandia ile injini. Hakuniuliza nimeitoa wapi. Aliniuliza nani mjinga aliyeikunja propela.

Basi nikawa nimeipata dawa. Dawa yenyewe ni kukosea.

Mtu anayetengeneza cherehani yake mwenyewe hashindwi na skrubu za boti. Lakini nilizigeuza upande usio wake, na yeye akafoka. Niliiita kabureta birika, akafoka. Nilichanganya petroli na oili kwa kukisia, nikapata hotuba nzima kuhusu ukoo wetu, kuanzia kwa babu yangu ambaye eti alishindwa kuendesha hata punda. Akilala mchana nilifanya kazi sahihi: nilisugua pointi za kutoa cheche kwa msasa, nikazibua kabureta kwa uzi wa shaba, nikafunga koili niliyoitoa kwenye pikipiki iliyokufa. Akiamka nafungua tena, nakosea, anipe haki yangu. Tukaenda hivyo. Alianza kula kidogo. Tulimwekea mito mgongoni na dirisha likawa halifungwi.

Siku tulipofika kwenye pampu ya maji aliniita nimsogelee, nimwonyeshe ile raba ndogo yenye mapezi iliyo ndani yake.

"Hii ndiyo roho," alisema. "Injini ya boti inapozwa na maji ya mtoni, na raba hii ndiyo inayoyavuta. Ukiiwasha nchi kavu, raba inaungua, na injini inafuata. Pipa la maji kwanza, mguu wake wenye propela uzame, ndipo uvute kamba. Rudia."

"Pipa kwanza."

"Ukisahau hilo nakupa talaka."

"Utaiandika kwa mkono upi? Hata kijiko nakushikia mimi."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilikaa muda mrefu kuliko vyote vilivyotangulia. Wifi alimshika mgongo, mimi nikamshika mikono. Kilipopita alikuwa amelowa jasho, na hakurudi tena dirishani.

Kesho yake alinyamaza. Nikaita kabureta birika, kwa sauti. Kimya. Nikagonga plagi kwa nyundo, kwa nguvu, majirani wakachungulia. Kimya. Nilimwona kupitia dirishani, macho wazi, anatazama dari. Uji haukupita. Wifi akanivuta pembeni akaniambia ni vizuri ndugu wakaanza kuitwa, nami nikamwambia waite unaowataka, ila mimi sijamaliza naye.

Injini ilikuwa tayari. Ilikuwa imebaki kuvutwa tu. Pipa nilishalijaza, lipo pembeni, maji yanameta. Nililitazama. Nikaitazama injini kwenye kitako chake, mguu unaning'inia hewani. Katika makosa yote aliyonifundisha, hili nilikuwa sijalitumia.

Nikazungusha kamba kwenye gurudumu, nikavuta. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikatema moshi. Mara ya tatu ikawaka.

Ee, iliwaka! Ua mzima ulitetemeka, sufuria zikagongana jikoni, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Ilinguruma vile vile kama nilivyoisikia miaka yote nikiwa nyumbani nashona, nikijua kwa mlio ule kwamba anavuka, yuko ng'ambo, anarudi. Nikageukia dirisha. Foka sasa, nikasema moyoni. Nimewasha nchi kavu, naua roho ya injini yako mbele ya macho yako. Foka!

Harufu ya raba inayoungua ilianza kutoka. Niliiacha. Nilikuwa nalia na kamba mkononi. Alikuwa amenigeukia, ananitazama, mdomo umefumba. Kisha akanyanyua kiganja kidogo juu ya shuka, akaniashiria nimwendee.

Nikazima. Nikaingia ndani na mikono yangu ya grisi.

"Pipa lipo?" aliniuliza. Ilinibidi niiname kumsikia.

"Lipo."

"Lina maji?"

"Limejaa."

"Basi umefanya makusudi."

Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine.

"Unatia uzi kwenye sindano umefumba macho. Leo usijue skrubu inafunguliwa upande gani? Nilikujua siku ya pili tu."

"Mbona uliendelea kunifokea?"

"Si ndicho ulichokuwa unataka." Akafunga macho, akayafungua. "Pumzi zilikuwa hazitoshi. Nikawa najibana asubuhi yote, niwe na neno moja la kukufokea mchana."

Mimi nilidhani namtibu. Kumbe mgonjwa aliyekuwa anatibiwa ni mimi, kwa pumzi zake, na zilikuwa za kuhesabu.

"Nifokee basi," nilimwambia. Niliona aibu hata wakati nasema, lakini nilisema. "Nimeiua raba, mume wangu. Niite mjinga. Moja tu."

Alijaribu. Naapa alijaribu, niliona uso wake ukitafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Sina," alisema. "Leo sina, mke wangu. Yameisha."

Maisha yetu yote aliniita 'mwanamke huyu'. Alifariki kesho yake, chai yake ikiwa mezani.

Watu walipotawanyika baada ya maziko, muuza vyuma alikuja kuuliza kama injini inauzwa. Nikamwambia anitafutie raba ya pampu badala yake, naye akanitafutia. Nikaifunga. Nikaizamisha injini kwenye pipa, maji yakafunika mguu wake, nikachanganya mafuta kwa kipimo, nikafungua hewa ya tangi, nikazungusha kamba, nikavuta. Iliwaka mara ya kwanza. Maji ya kupozea yakaruka vizuri kutoka kwenye tundu lake. Wifi alisimama mlangoni akinitazama, na dirisha lilikuwa wazi.

Nilizima. Nikachukua spana, nikafungua kila kitu upya, plagi, kabureta, pampu, kipande kwa kipande juu ya gunia, nikitafuta mahali nilipokosea. Sikuwa nimekosea popote.