Kibao cha Dirisha la Juu

Baba yangu ni fundi wa makochi. Karakana yake iko mbele, inaangalia barabara, na sisi tunaishi nyuma yake: baba, bibi na mimi. Juu kuna nyumba nyingine, vyumba viwili na jiko, na tangu wapangaji wa zamani wahame ilikaa tupu. Nilipenda kufanyia kazi za shule kule juu kwa sababu hakuna mtu wa kuniuliza kitu.

Kwenye dirisha la juu kulikuwa na kibao. Upande mmoja: INAPANGISHWA, ULIZA CHINI. Upande wa pili: IMESHAPATA MTU. Kazi ya kukigeuza ilikuwa yangu.

"Wakija wasumbufu, geuza," baba aliniambia.

Hakusema wasumbufu ni akina nani. Mara ya kwanza alipiga mluzi kutoka chini. Nikachungulia, nikaona mume na mke wamesimama upande wa pili wa barabara, mke kabeba mtoto, wanasoma. Nikageuza. Wakasoma tena, wakaondoka, nami nikakirudisha kilivyokuwa. Mara ya pili mluzi ulipigwa kwa ajili ya vijana wawili waliovaa vizuri kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu. Hakuna aliyekuwa amesumbua mtu. Ila wote walikuwa wa rangi ya watu wa ng'ambo ya reli, si rangi yetu sisi wa huku. Mara ya tatu baba hakupiga mluzi. Niligeuza mwenyewe, nikaendelea na hesabu zangu.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Shuleni tumechanganyika, kwa sababu kila asubuhi basi linaleta watoto wa ng'ambo ya reli. Mmoja wao ni Rula. Tunamwita hivyo kwa vile ni mrefu na kanyooka, na akikaa haegemei kitu. Tunakaa dawati moja tangu darasa la tatu. Mimi sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo mwalimu akiita majina, Rula ndiye ananijibia. "Yupo, mwalimu. Anapumua."

Mwezi uliopita mkuu wa shule aliita wazazi. Akasema muhula ujao basi halitakuwepo tena, kila mtoto atasoma shule anayoweza kwenda kwa miguu.

"Mimi shule hii naipenda ilivyo," akasema. "Lakini shule haiwezi kuchanganyika ikiwa mitaa imejitenga. Mwenye nyumba ya kupangisha, ampangishe anayetaka kuja. Watoto watafuata wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Baba alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya pili Rula akaniambia mama yake ameshaanza kutafuta nyumba upande wetu. "Tukipata kabla ya shule kufunga, nabaki. Tusipopata, utatafuta mtu mwingine wa kukusemea."

Nilikuwa na wiki tatu za kumwambia kwamba kwetu juu kuko wazi. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Kwa sababu ningemwambia, angekuja, na baba angepiga mluzi, na mimi ndiye mwenye kibao.

Akaja bila kuambiwa.

Ilikuwa Jumamosi, mvua inanyesha kidogo. Nimekaa juu, kitabu magotini. Nikaona mwavuli mweusi umesimama mbele ya nyumba, na mkono wa mtu unaonyesha juu. Mkono tu na rangi yake, sikuona uso. Na mimi, yaani bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna, nikageuza kibao.

Mwavuli ukainuka. Chini yake alikuwa mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, na pembeni yake Rula. Akanitazama. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika kamba.

Akamvuta mama yake mkono, wakaondoka.

Sijui nilishukaje zile ngazi. Nilipita karakana nikiwa na soksi tu, baba akaguna kitu, sikusimama. Niliwakuta kwenye kona, mbele ya duka la dawa.

"Nyumba ipo," nikasema.

Mama yake Rula akageuka. "Unasemaje, mwanangu?"

"Nyumba ipo. Haijapata mtu."

"Kibao kinasema imepata."

"Nimekigeuza mimi."

"Mama, twende," Rula akasema.

"Ngoja." Mama yake alinitazama, akatazama soksi zangu zilizolowa. "Nimesoma vibao vingi mwezi huu. Hiki ndicho cha kwanza kunikimbilia barabarani. Twende nikamsikilize mwenyewe."

Tuliporudi, baba alikuwa ameinama juu ya kochi. Mafundi wa makochi huweka misumari midogo mdomoni, wanaichomoa mmojammoja wanapogonga. Kwa hiyo baba hakuweza kujibu salamu. Ikabidi aiteme mkononi, msumari baada ya msumari, na sisi sote tumesimama tunangoja.

"Karibu," akasema mwishowe. "Nadhani kuna makosa kidogo. Binti yangu amekosea."

"Amekosea kukigeuza," mama Rula akauliza taratibu, "au amekosea kunifuata?"

Baba akatazama misumari yake.

"Unajua, mama, mimi binafsi sina tatizo. Ila mtaa huu watu tumezoeana. Kinyozi hapo, jirani wa pale... Sitaki mje mkose amani."

"Amani yangu niachie mimi."

"Nakwambia tu hali ilivyo."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anachambua sponji za kujazia mito. Rula akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, halafu akamgeukia baba.

"Wewe si ndiye uliyepiga makofi kwenye mkutano hadi nikadhani unaua mbu?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Nilikuwepo. Kiganja kilikuwa chekundu."

"Na mimi sijawahi kumwambia huyu mtoto amgeuzie mtu kibao kwa rangi yake. Mwulizeni."

Wakanitazama wote. Ni kweli hakuwahi kusema. Nikatafuta sauti. Nilidhani haitatoka, ikatoka.

"Hukuniambia, baba. Ulipiga mluzi mara mbili. Baadaye nikawa najua."

Baba alikaa kwenye mkono wa kochi lenyewe analotengeneza, kitu ambacho hamruhusu mtu yeyote kufanya. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa picha yake asiyokumbuka ilipigwa lini.

"Mimi nafanya zamu za usiku," mama Rula akasema, kama vile hakuna kilichosemwa. "Mchana nalala. Hiyo nyundo yako inaanza saa ngapi?"

"Saa tatu," baba akajibu. Kisha akaongeza, "Lakini asubuhi naweza kukata na kushona. Nigonge kuanzia saa nane."

"Kushona ni kwa mashine?"

"Mashine haina kelele sana."

"Hiyo nitaisikiliza kwanza. Naomba kuona juu. Maji yanapanda?"

"Yanapanda. Bomba la jiko linavuja kidogo, nitalifunga leo." Akachukua funguo za vyumba ukutani, akatangulia. Kwenye ngazi nikamsikia akimwambia kuhusu shule, kwamba ni dakika saba kwa miguu, na mama Rula akisema ana mdogo wake Rula anayeanza darasa la kwanza, na baba akijibu kwamba naye anaweza kwenda na wenzake.

Rula alibaki chini. Nikabaki naye. Bibi akajifanya hasikii, jambo ambalo hajawahi kuliweza.

"Mara ngapi?" Rula akauliza.

"Nini?"

"Umegeuza mara ngapi?"

Ningeweza kusema mbili. "Sita. Na leo."

"Kulikuwa na watoto?"

"Mmoja alibebwa. Wengine sijui. Sikuangalia."

Akafikiri, kanyooka vilevile. Juu tulisikia dirisha likifunguliwa, kisha nyayo za mama yake zikipima chumba kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mimi shuleni nitabaki," akasema. "Mama akishapima kwa miguu hivyo, huwa ameshaamua. Ila dawatini sijui kama nitakaa na wewe."

"Sawa," nikasema.

"Siyo sawa. Jumatatu nitakwambia."

"Njoo uchague upande wa kitanda," mama yake akaita.

Akapanda. Bibi akanisogezea rundo la sponji, akaniambia nivue zile soksi kabla sijaugua, tukaanza kuchambua pamoja.